Mhadhiri mpya auliza: nianzie wapi kufundisha utafiti wa kisheria?

SWALI: Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, Tanzania. Muhula ujao nimekabidhiwa somo la utafiti wa kisheria kwa wanafunzi 180 wa mwaka wa kwanza wa shahada ya sheria. Nilipofundishwa mimi, somo hili lilikuwa orodha ya vyanzo vya sheria na kanuni za kuandika marejeo. Tulikariri, tukafaulu, na tukatoka bila kujua kutafuta kesi. Maktaba yetu ina juzuu chache za ripoti za kesi, hatulipii kanzidata yoyote ya nje, na wanafunzi wengi sasa wanaiuliza akili mnemba kwenye simu zao. Nianzie wapi, nimtumieje mkutubi wetu, na niwatahini vipi?

JIBU: Ndugu Mhadhiri, umekabidhiwa somo ambalo vyuo vingi hulitupia mtu mpya kwa kudhani kwamba ni jepesi, nami baada ya miaka mingi ya kuhama kati ya rafu za maktaba ya sheria na chumba cha mihadhara nakuhakikishia kwamba masomo yanayomjenga mwanasheria kuliko hili ni machache. Ushauri wangu ni kwamba usianze na orodha ya vyanzo. Anza na kifungu kimoja na hukumu moja, kisha muhula mzima uwazoeze wanafunzi kuuliza swali lile lile mbele ya kila wanachokipata: je, hii bado ni sheria leo, kwa upande huu wa Muungano, na kwa mahakama ninayokwenda kusimama mbele yake? Kupata andiko kumekuwa rahisi kuliko wakati wowote uliopita. Kazi iliyobaki, ambayo ndiyo hasa utafiti wa kisheria, ni kuthibitisha kwamba andiko ulilolipata linasimama.

Kwa juma la kwanza ningekushauri uwape swali ambalo kila mwanafunzi anadhani analijua: msichana wa Tanzania Bara anaruhusiwa kuolewa akiwa na umri gani? Wengi watafungua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na kufika kifungu cha 13, wasome kwamba mwanamume ni miaka 18 na mwanamke ni miaka 15, na kwamba mahakama inaweza kuruhusu hata aliyefikisha miaka 14 kwa sababu maalumu. Wataandika jibu na kuweka kalamu chini. Hapo ndipo uwaambie waendelee kutafuta, mpaka wakutane na shauri la Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambalo Mahakama Kuu iliamua Julai 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha sheria. Wakishafurahi kwamba wamelipata jibu, waulize kama Serikali ilikata rufaa. Ilikata, na Mahakama ya Rufani katika Rufaa ya Madai Na. 204 ya 2017 iliitupilia mbali rufaa hiyo Oktoba 2019. Kisha waulize swali la mwisho, ambalo halina jibu la kukariri: baada ya hukumu hiyo Bunge limefanya nini, na toleo la sheria lililo mkononi mwao linasemaje leo? Watalazimika kwenda kulitazama wenyewe, na wewe usiwaambie.

Zoezi hilo moja litawafundisha zaidi ya mihadhara mitatu ya vyanzo vya sheria, kwa sababu wataona kwa macho yao kwamba maneno ya kifungu yanaweza kuendelea kuchapishwa vizuri kwenye karatasi ilhali mahakama ya juu kabisa imekwisha kuyatamka kuwa batili. Mwanafunzi aliyewahi kujikuta katika pengo hilo kati ya kifungu na hukumu hasahau, na kila atakaposoma kifungu kingine atajiuliza kimepitia mikononi mwa nani. Ukishafika hapo, majina ya vyanzo yatakuja yenyewe, maana sasa kila jina lina kazi aliyokwisha kuiona ikifanyika.

Zoezi la pili liwe la kusoma hukumu mpaka mwisho, na kwa hili sijapata kesi bora kuliko Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoripotiwa katika Tanzania Law Reports ya mwaka 1983, ukurasa wa 32. Kila mwanafunzi wa sheria nchini ameisikia: Mahakama ya Rufani, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Nyalali, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaohesabika katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa, na hivyo ikamaliza mgongano wa muda mrefu kati ya majaji wa Mahakama Kuu waliokuwa wakikitafsiri kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kwa njia mbili tofauti. Sasa waulize wanafunzi wako: Bi Hawa alipata nini? Darasa zima litajibu kwamba alipata mgawo wake, na litakuwa limekosea. Mahakama ilikubali kanuni aliyoipigania, lakini ikaona kwamba fedha alizokuwa amepewa na mumewe kwa maendeleo ya familia alizitumia vibaya, na kwa hiyo haki yake ilikuwa imekwisha kuliwa. Aliondoka mikono mitupu. Mwanafunzi anayeinukuu kesi hii kutoka kwenye nukuu za mwenzake hajui jambo hilo, na siku atakapoitumia kumtetea mteja aliyewahi kukabidhiwa fedha na mumewe, wakili wa upande wa pili atamfungulia ukurasa wa mwisho.

Wape hukumu yenyewe, si muhtasari. Waache wasome kwa saa nzima, penseli mkononi, wakitenga mambo yaliyotokea, swali lililoulizwa, kiini cha uamuzi, na yale ambayo jaji aliyasema kwa kupita tu. Najua utaambiwa kwamba mwaka wa kwanza hawawezi. Wanaweza, ukiwapa hukumu fupi na muda wa kutosha, na kesi ya Bi Hawa ni fupi kwa kiwango cha hukumu za leo.

Kutoka hapo nenda kwenye ngazi za mahakama, lakini usizifundishe kwa mchoro wa piramidi peke yake. Wapelekee kesi ya Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania dhidi ya Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa ya mwaka 1988, ambamo Mahakama ya Rufani ilisema bila kupepesa macho kwamba mahakama zote na mabaraza yote yaliyo chini yake yanafungwa na maamuzi yake, yawe yanaonekana sahihi au la. Halafu waulize: je, mahakama hiyo hiyo ikiwa imeamua jambo moja kwa namna mbili? Wakitafuta kwa bidii watakutana na shauri la Arcopar, maombi ya madai Na. 94 ya 2013, linaloelekeza kwamba kwa kawaida ufuatwe uamuzi wa karibuni zaidi. Kwa hiyo tarehe ya hukumu si pambo la kuandikia marejeo. Ni sehemu ya nguvu yake, na mwanafunzi aliyeridhika na hukumu ya kwanza iliyojitokeza kwenye kioo cha simu hajui kama ameshika iliyo hai au iliyokwisha kupitwa.

Ngazi hizi zina historia ambayo mwanafunzi lazima aijue kwa ufupi, la sivyo alama za marejeo zitabaki kuwa maandishi ya siri. Akikutana na Mukisa Biscuit, [1969] EA 696, ambayo hutajwa karibu kila mara wakili anapoweka pingamizi la awali, ajue kwamba herufi hizo mbili ni za ripoti za Afrika Mashariki na kwamba uamuzi ulitolewa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyokoma Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na ndiyo maana Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaanzishwa mwaka 1979. Ajue pia kwamba kwa Tanzania Bara sheria ya Uingereza iliyopokelewa ni ile iliyokuwapo tarehe 22 Julai 1920, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Haki na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, na kwamba Zanzibar ina Baraza lake la Wawakilishi, Mahakama Kuu yake na vitabu vyake vya sheria. Nimewaona wanafunzi wa mwaka wa nne wakimshauri mtu wa Unguja kwa sheria ya ardhi ya Bara. Kosa hilo halitokani na ujinga wa sheria ya ardhi, linatokana na kutojiuliza sehemu ya pili ya lile swali nililolitaja mwanzoni.

Sasa niseme kuhusu sheria zilizotungwa na Bunge, kwa sababu hapa ndipo ninapoona watu wakiumia zaidi. Nilipokuwa wakili kijana niliandika hoja nzima nikitegemea kifungu nilichokinakili kutoka juzuu ya Toleo la Urekebu la mwaka 2002, yaani mkusanyo rasmi wa sheria pamoja na marekebisho yake hadi wakati huo, iliyokuwa mezani kwetu ofisini. Juzuu ilikuwa safi na jalada lake zuri, na hakuna karatasi yoyote ndani yake iliyonionya. Wakili wa upande wa pili aliposimama alikuwa na karatasi mbili tu mkononi, nakala ya sheria ya marekebisho ya miaka kadhaa baadaye, na hoja yangu ikaisha kabla sijafika aya ya tatu. Mteja wangu alikuwa ameketi nyuma yangu. Tangu siku hiyo sijawahi kufundisha kifungu chochote bila kuwaonyesha wanafunzi njia kilichopitia.

Njia hiyo ina vituo. Kuna sheria mama, kuna sheria mahususi zilizoirekebisha, kuna sheria za marekebisho ya sheria mbalimbali ambazo majina yake hayakuambii zinagusa nini mpaka uzifungue, na kwa masuala ya kodi kuna Sheria ya Fedha ya kila mwaka, ambayo kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai na hupita ndani ya sheria za kodi kama fundi anayebadilisha mabati. Kuna kanuni zinazotangazwa kwa Tangazo la Serikali. Kuna pia tofauti kati ya sheria kupitishwa na sheria kuanza kutumika: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, lakini ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na katika miezi ile ya katikati ungeweza kuishika mkononi ikiwa kamili na isikusaidie kitu. Tangu tarehe 1 Julai 2025 tunatumia Toleo la Urekebu la mwaka 2023, na katika baadhi ya sheria namba za vifungu zimebadilika. Maana yake ni kwamba hukumu ya mwaka 2015 inaweza kutaja namba ambayo leo ni ya kifungu kingine kabisa. Wape wanafunzi hukumu ya zamani na toleo jipya, uwaambie wakitafute kifungu kilipohamia. Zoezi hilo linachosha, nalo ndilo kazi halisi ya wakili kijana kila siku ya Mungu.

Unasema maktaba yenu haina kanzidata za kulipia. Ninaelewa uchungu wake, ila kwa mwaka wa kwanza upungufu huo si mkubwa kama unavyodhani. Tovuti ya TanzLII, inayoendeshwa na Mahakama ya Tanzania, inatoa bila malipo hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu, pamoja na sheria. Majirani wana Kenya Law na ULII ya Uganda, nazo zinafaa sana pale ambapo kesi yetu imejengwa juu ya ripoti za Afrika Mashariki, alimradi mwanafunzi aelewe kwamba uamuzi wa Nairobi unaweza kumshawishi jaji wa Dodoma lakini haumfungi. Kwa majarida na vitabu, mwambie mkutubi wenu aombe usajili wa chuo katika mpango wa GOALI, ulioanzishwa mwaka 2018 chini ya Shirika la Kazi Duniani ndani ya ushirikiano wa kimataifa uitwao Research4Life. Taasisi za nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwamo, huingia bila kulipa. Usajili hufanywa na taasisi, si na mtu mmoja mmoja, kwa hiyo mhadhiri akijaribu peke yake atakata tamaa bure.

Tatizo kubwa kuliko fedha za kanzidata ni bando. Darasa la watu 180 ambalo kila mmoja anatakiwa kupakua hukumu ya kurasa 40 kwa simu yake ni darasa ambalo nusu yake haitasoma. Pakueni hukumu zote za muhula mara moja, mziweke kwenye kompyuta ya maktaba na kwenye flashi chache zinazoazimwa kama vitabu, na muache utafutaji wa mtandaoni kwa yale mazoezi ambayo kutafuta kwenyewe ndiko kunakopimwa.

Katika kutafuta huko kuna mambo mawili madogo yanayowakwamisha wanafunzi wetu kuliko wa mahali pengine. La kwanza ni tahajia ya majina. Kesi ile ile ya Bi Hawa utaikuta imeandikwa Bihawa, Mohamed ikawa Mohammed, na Sefu akawa Seif. Mwanafunzi aliyeandika jina moja tu atasema kesi haipo. Wafundishe kutafuta kwa namba ya shauri, kwa mwaka, kwa jina la mhusika mmoja, na kwa maneno machache ya kanuni yenyewe. La pili ni lugha. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 imekipa Kiswahili nafasi ya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na hukumu za Kiswahili zinaongezeka, lakini hazina kubwa ya maamuzi tuliyonayo iko kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi anayetafuta mali ya ndoa lazima atafute mara mbili, kwa lugha zote mbili. Mtengeneze pamoja darasani kamusi ndogo ya istilahi mbili mbili, muiongeze kila juma. Mimi huibandika ukutani maktaba, na mpaka muhula unaisha karatasi zimefika dirishani.

Hili linanileta kwa mkutubi. Katika vyuo vingi mkutubi huitwa siku moja ya juma la utangulizi, akapewa dakika 40 kuwaonyesha wageni rafu na kanuni za kuazima, kisha hasikiki tena hadi mtu apoteze kitabu. Wanafunzi siku hiyo hawana swali lolote la kutafuta, kwa hiyo hawakumbuki hata neno moja, na lawama si yao. Mwombe mkutubi wako aje darasani siku ile mnapogawa zoezi, akae na vikundi vinapoanza kukwama, kwa sababu msaada wa utafiti hupokelewa pale mtu anapouhitaji. Muwekeane saa maalumu za wanafunzi kumwona, kama zako za ofisini, na mtambue kazi hiyo rasmi kwenye mpango wa somo ili mkuu wa maktaba asimwondoe. Kama mkutubi huyo hakusomea sheria, usione haya kumwalika kwenye mihadhara yako ya kwanza. Mkutubi mwenye bidii anayejua kupanga taarifa atajifunza ngazi za mahakama kwa majuma mawili, ilhali mwanasheria asiyejua kupanga taarifa humchukua miaka.

Pamoja naye mnaweza kuanzisha jambo ambalo asili yake ni ya zamani. Mwaka 1873 huko Chicago, Frank Shepard alianza kuuza karatasi ndogo za gundi ambazo mawakili walizibandika pembeni mwa hukumu katika vitabu vyao, kila karatasi ikitaja kesi za baadaye zilizoizungumzia hukumu hiyo. Marekani wamejenga juu ya wazo hilo kanzidata za gharama kubwa. Ninyi mnaweza kulifanya kwa kadi za karatasi ngumu. Gawa darasa katika vikundi 30 vya watu sita, kila kikundi kikabidhiwe kesi moja ya msingi, kiitafute kwa jina lake katika hukumu zote za baadaye, na kiandike kwenye kadi: imefuatwa wapi, imetofautishwa wapi (yaani jaji ameona haihusu shauri lililo mbele yake), imepingwa wapi, na tarehe ambayo waliangalia mara ya mwisho. Kadi zibaki maktaba. Darasa la mwaka unaofuata lizipokee na kuziendeleza, na baada ya miaka mitatu chuo chenu kitakuwa na kitu ambacho hata mawakili wa mjini watakuja kukiomba. Hiyo ndiyo sehemu ya barua hii ninayoipenda kuliko zote.

Kuhusu akili mnemba, sikushauri kuipiga marufuku, kwa sababu huwezi kuisimamia marufuku hiyo, na mwanafunzi atakayeitumia kwa siri ataitumia vibaya zaidi. Ifanyieni majaribio hadharani. Mbele ya darasa, iulize ikupe kesi tano za Tanzania kuhusu mgawanyo wa mali ya ndoa, uziandike ubaoni kwa majina na namba, kisha kila kikundi kiitafute moja kwenye TanzLII. Jiandaeni kukuta kesi isiyokuwapo kabisa, au iliyopo lakini ni ya wizi wa ng'ombe, au iliyopo na isemayo kinyume cha ilivyoelezwa. Baada ya hapo wasimulie shauri la Mata dhidi ya Avianca la New York, ambamo mawakili waliwasilisha kesi zilizobuniwa na programu, na mmoja wao alikuwa ameiuliza programu hiyo hiyo kama kesi ni za kweli, nayo ikamjibu kwamba ni za kweli. Juni 2023 mahakama iliwatoza faini ya dola 5,000. Uingereza nako, Juni 2025, Mahakama Kuu ilitoa onyo kali katika shauri la Ayinde kwamba wakili anayepeleka marejeo ya uongo anaweza kufikishwa kwenye vyombo vya nidhamu, na katika hali mbaya hata kushtakiwa. Mawakili hao waliishia kwa chombo kilichowapa jibu, hawakwenda kuifungua hukumu yenyewe. Mwanafunzi wako anaruhusiwa kuanza na chombo chochote, hata na uvumi wa kantini, mradi kila kilichoingia kwenye kazi yake amekifungua na kukisoma mahali kilipochapishwa.

Utasikia wenzako wakisema kwamba somo hili lingeweza kumezwa ndani ya somo la mbinu za kisheria, kipindi kimoja au viwili kinatosha. Wenzetu wa Kenya wameliweka utafiti wa kisheria miongoni mwa masomo 16 ya lazima chini ya Sheria ya Elimu ya Sheria ya mwaka 2012. Marekani, taarifa ya chama cha mawakili ya mwaka 1992 iliuhesabu miongoni mwa stadi kumi za msingi za uwakili, na mtihani mpya wa kuingia katika taaluma, uliopangwa kuanza Julai 2026 katika baadhi ya majimbo, unaupima waziwazi. Kwetu kijana hufika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo akiwa na shahada mkononi na hapo ndipo anapogundua kwamba hajui kufuatilia marekebisho ya kifungu. Huko si mahali pa kuanzia.

Umeuliza mwisho kuhusu kutahini. Usiwape mtihani wa kutaja na kueleza. Wape tatizo la mteja la nusu ukurasa, siku tatu, na madai mawili: waraka wa ushauri usiozidi kurasa tatu, na daftari la utafiti. Daftari hilo ni karatasi ya safu tano ambamo mwanafunzi anaandika tarehe na saa, mahali alipotafuta, maneno aliyotumia, alichokipata, na kwa nini amekikubali au amekiacha. Mpe nusu ya alama kwa daftari. Mwanafunzi aliyefika kwenye jibu pungufu kwa njia aliyoiandika kwa uaminifu ananifaa kuliko aliyefika kwenye jibu sahihi bila kuonyesha alipopita, kwa sababu wa kwanza naweza kumrekebisha mahali alipopotea, na wa pili sijui hata nimshike wapi. Safu ya tano ndiyo uisome kwanza. Iliyojaa hukumu zilizokubaliwa tu, bila hata moja iliyoachwa, mara nyingi ni daftari lililoandikwa usiku wa mwisho.

Kwa watu 180 hutaweza kusahihisha daftari tatu kwa muhula kwa kila mmoja, nami sitakudanganya. Sahihisha la kwanza kwa vikundi, hivyo utakuwa na daftari 30. La pili mwanafunzi alisahihishe la jirani yake kwa mwongozo ulioandika wewe na mkutubi, nawe upitie moja kati ya kila matano. La tatu, la mtihani, ni lako peke yako, na baada ya kulisoma mwite kila mwanafunzi kwa dakika tatu, uchague rejea moja kutoka kwenye waraka wake, umwambie: nifungulie hukumu hii, nionyeshe aya uliyoitegemea. Dakika tatu kwa watu 180 ni saa tisa, yaani saa nne na nusu kwa kila mmoja ukigawana na mkutubi. Panga meza mbili maktaba, moja yako na moja yake, kila meza iwe na kompyuta yenye zile hukumu mlizozipakua, na uanze na wale walioketi nyuma.